Sitaki Kuagwa na Hirji

Adhiambo mwanangu,

Mambo ya soksi nzito, pasipoti na dawa mama yako ameyamaliza. Amekuambia hata mkoba upi ubebe begani na upi uingie tumboni mwa ndege, kwa hiyo upande huo mimi sina kazi. Ninyi wawili mmeenda Awasi kumuaga dani, nyanya yako, nami nimebaki hapa na vijana wa tenti, ambao kila mara wanaingia kuniuliza kama viti vielekee mlango au barabara. Nimewaambia vielekee popote. Wamenitazama kama mgonjwa, maana wanajua jinsi ninavyowasumbua kwa habari ya viti kwenye sherehe za watu.

Nakuandikia kwa sababu tangu Jumanne hatujazungumza vizuri. Unanisalimia, unaniwekea chakula, unasema "sawa Baba", unaenda zako. Kesho baada ya maombi ya kukuaga utapanda gari uende uwanja wa ndege, halafu Ujerumani, halafu sijui. Nikingoja nikuambie haya kwa mdomo, najua nitakachofanya. Wewe pia unajua.

Hiyo Jumanne yenyewe nimeirudia kichwani mpaka imechakaa, na kila nikiirudia inakuja tofauti kidogo. Wacha niiandike jinsi ninavyoikumbuka leo.

Mlikuwa watatu sebuleni: wewe, Nisha na Brayo. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, na masikio yangu yalikuwa huko kwenu, kama kawaida yangu. Brayo alikuwa amewaonyesha kwenye simu kipande cha vichekesho kutoka huko unakoenda. Mzungu mzima amejipaka rangi nyeusi usoni, amevaa gauni la muuguzi, anaongea lugha yao kwa kuivunjavunja, na wagonjwa wanaruka kutoka vitandani wanakimbia. Watu ukumbini wanavunjika mbavu.

"Hiyo ni racism, wacha tu," ulisema. "Huyo nurse ni mimi. Wananicheka na hata sijafika."

Brayo akabisha, unamjua. "Si lazima. Labda wanaochekwa ni hao wagonjwa, wazungu wanaogopa nurse mweusi. Inaitwa satire. Si Madam alitufunza?"

"Satire gani ya kupakwa masizi?"

"Na Hirji wa babako je? Si ni hiyo hiyo? Alimaliza MCA wa kaunti kwa redio na ile story ya choo cha soko, mpaka choo ikajengwa."

Nakiri nilifurahi pale jikoni. Mtu amefanya kazi miaka yote, halafu kijana mdogo anaikumbuka na kuipa jina la heshima la darasani. Nilichukua thamosi nikaanza kuja, na Hirji tayari yuko kooni. Ndipo nikamsikia Nisha. Unajua hapandishi sauti yule.

"Ilikuwa satire, nakubali. Hata mimi nilikuwa nacheka. Lakini mbona anayechapa wakubwa lazima awe na Kiswahili cha babu yangu?"

Ningeweza kurudi jikoni. Badala yake niliingia na thamosi, nikazungusha kichwa vile Hirji anavyozungusha, nikasema kwa sauti yake kwamba chai ya leo ni bure lakini sukari itauzwa kando. Brayo alicheka. Nisha alitabasamu kama mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mzazi wa rafiki yake. Wewe ulitazama sakafu.

Kisha ukaniuliza. Nakumbuka ulivyoniuliza, ulikuwa umeshika kikombe kwa mikono miwili. "Baba, wacha hiyo. Nauliza kitu serious. Mtu akiniiga hivyo huko, nicheke ama nifanye nini?"

Nikakujibu kwa Hirji. Hata sikumbuki nilisema nini. Ilikuwa kitu cha bei.

Jioni, wageni walipoondoka, ulinifuata kwenye kamba ya nguo. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitia hofu. "Siku ya maombi Nisha atakuja, na babake labda atakuja. Anko Ouma atapiga kelele uletewe maiki, ulete Hirji, na utamleta, nakujua. Ukimleta, mimi naingia kwa gari na sishuki. Sitaki kuagwa na Hirji." Ukachukua nguo zako ukaingia ndani.

Sasa wacha nikwambie ninachojua, ambacho si kingi.

Unajua niliajiriwa kwa Mzee Ramesh, babu yake Nisha, nilipomaliza shule, kule kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usichojua ni kwamba nilimpenda. Alikuwa mkali kwa misumari. Mteja akija kutaka misumari ya mabati, mimi nilikuwa natia mkono kwenye sanduku namwaga kwenye mzani, halafu nikiona ni jirani wa Obunga namuongezea kiganja kimoja. Mzee angekuja polepole, aangalie mzani, aangalie mimi, aseme, "Ochieng', kiganja yako iko na huruma sana. Duka yangu haina." Halafu anaacha ile misumari iende. Jinsi alivyotamka sitaandika. Nimejaribu sasa hivi, na mkono umekataa. Kwa mdomo inatoka yenyewe.

Kumuiga kulianza pale pale, saa ya chakula, kwa ajili ya wapagazi. Walicheka mpaka ugali ukawapalia. Mzee mwenyewe aliwahi kunifuma, akasimama mlangoni na funguo zake, akasema mimi ni mwongo kwa sababu yeye hatikisi kichwa hivyo, akakitikisa, na wote tukaanguka. Nafikiri alifurahi. Huo ndio ugonjwa ulionishika tangu Jumanne, mwanangu, kila kitu sasa nimekiwekea "nafikiri".

Kutoka hapo nikaanza kuitwa kwenye harusi kuwa MC, kwanza Muhoroni kwa mtu wa kiwanda cha sukari, halafu kila mahali, halafu ile redio ya hapa mjini ikanipa Jumamosi asubuhi. Kwa redio sikuweza kusema Ramesh, nikamwita Hirji. Hirji alikuwa na duka, na kila wiki kuna mkubwa anakuja kumuomba kitu kidogo: askari, mtu wa leseni, MCA. Hirji analia, anapunguza bei ya rushwa, anaomba risiti. Watu walipenda sana. Wakubwa walijijua humo ndani, na hakuna aliyeweza kunishika, maana ningesema ni mchezo tu, ni Muhindi anaongea.

Ona nilivyoandika hapo. Ni Muhindi anaongea. Hilo ndilo jibu la swali la Nisha, na nimelijua muda wote. Kwa mdomo wangu mimi, Ochieng' wa Obunga, niliogopa. Nilitaka mtu wa kunisimamia mbele, nikamchukua yule ambaye watu walikuwa tayari kumcheka kabla hajasema kitu. Kama kuna jiwe linarudi, limpate yeye.

Na nafikiri kuna yaliyompata. Nilipita dukani siku moja, nilikuwa nimeshaacha kazi, nikakuta vijana wawili wamesimama kaunta wanamuagiza Mzee rangi kwa sauti ya Hirji. Yeye aliwapa rangi. Hakutikisa kichwa hata kidogo, alikishika wima kama amekaza shingo. Wale vijana walinitambua wakanipa mkono, mmoja akamwambia mwenzake ndiye huyu sasa. Mzee akanisalimia vizuri, akauliza habari yako, ulikuwa na surua wakati huo. Nilitoka na ile salamu nikiwa sijui niiweke wapi.

Lakini subiri, usinihukumu haraka, maana upande wa pili nao ninaujua. Sisi pia tunaigwa. Umeona kwenye televisheni Mjaluo akiletwa: samaki mkononi, Kiingereza kirefu, majivuno, ile lafudhi. Tunacheka hapa nyumbani, mama yako ndiye wa kwanza. Sijawahi kuzima. Halafu mwaka ule nilienda Nairobi kufuatilia cheti cha shamba la babu yako, nikasimama dirishani, nikamwambia karani shida yangu, naye akanijibu kwa lafudhi yangu. Alinirudishia maneno yangu mwenyewe, yamenyooshwa kidogo, ili wenzake wasikie. Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka kabla hajamaliza, nikamuongezea na mzaha mmoja juu ya samaki ili aone mimi si mtu wa kununa. Cheti nilipewa. Kwenye basi kurudi nyumbani mwili ulikuwa unaniuma kama nimebeba saruji, na sikumwambia mtu. Mama yako aliniuliza Nairobi ilikuwaje nikamwambia ilikuwa poa.

Kwa hiyo ukiniuliza nicheke ama nifanye nini, mimi nilicheka, na sijui kama nilikosea. Kama ningenuna pengine cheti kingepotea. Natamani tu ningemwambia mama yako.

Sasa kuna la matanga ya Mzee Ramesh. Hili nililificha, na Nisha akalitoa Jumanne hiyo hiyo mbele yenu, baada ya mimi kujibu kwa Hirji. Ulikuwa umeenda kuchukua biskuti, ukarudi katikati, kwa hiyo nakupa lote.

Mzee alipofariki ulikuwa darasa la nne. Walimchoma kwa desturi yao, na baada ya siku chache wakawa na maombolezo kwenye ukumbi wao. Kirit, mwanawe, babake Nisha, alinipigia simu kwamba niende, na kwamba anayetaka kusema neno juu ya Mzee atasema. Mimi nikajiandaa kama ninavyojiandaa kwa matanga ya kwetu. Unajua matanga ya kwetu. Mtu akiwa alitembea kwa kuvuta mguu, kuna mjomba atasimama avute mguu. Akiwa alikuwa mchoyo wa mboga, shemeji atamuiga akihesabu nyama kwenye sufuria, na mjane atacheka huku machozi yanamtoka. Wasipomfanya hivyo, watu wanaenda nyumbani wanasema marehemu hakuwa na mtu aliyemjua. Kwangu kumuiga ilikuwa ni kumzika vizuri. Haikunipitia akilini kabisa kwamba kuna watu duniani hawaziki hivyo.

Basi nilivua viatu nikaingia. Wamekaa chini, wanaume upande huu, wanawake ule, nguo nyeupe, kimya. Kirit alipouliza nani ana neno, nikasimama nikamleta Mzee. Nilimleta mzima mzima, funguo kiunoni, mzani, kiganja chenye huruma. Sijawahi kumfanya vizuri vile, hata sasa naweza kusema, ilikuwa kama ananiazima koo lake. Mtoto mmoja akauliza kitu kwa lugha yao, akanyamazishwa. Na yule mama, mjane, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakaanza kutetemeka.

Nilimaliza, nikakaa. Kirit alinishukuru kwa heshima, akanisindikiza hadi kwenye viatu vyangu, akasubiri nivae. Tangu siku hiyo hakunipigia simu tena, tukikutana mjini ni salamu tu. Na mimi miaka yote hii sikujua yale mabega yalikuwa yanacheka au yanalia. Ningeweza kuuliza. Kwao ni mtaa wa tatu kutoka sokoni, ningetembea tu.

Jumanne Nisha akasema, "Bibi alicheka. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa kwa mapaja yake. Alicheka sana. Halafu alilia wiki nzima kwa sababu alicheka."

Nikamwambia pole. Kwa sauti yangu, hiyo nadhani uliisikia. Akasema, "Hapana, wacha nimalize. Siku hiyo ulikuwa unafanya babu yangu. Kwa redio ulikuwa unafanya Muhindi. Shuleni hakuna mtu aliniambia naongea kama babu. Waliniambia naongea kama Hirji. Na mimi naongea Dholuo kuwashinda. An nyar Kisumo." Msichana wa Kisumu. Kweli Dholuo chake kinashinda chako, samahani.

Nimekaa na hayo maneno siku hizi zote, nikayageuza kila upande. Kuna wakati yananiingia, naona wazi: mmoja nilimjua, alikuwa na jina na mzani na watu wake wamekaa pale, na mwingine ni ngozi tu niliyoivaa nikapata riziki. Halafu nikiweka kikombe chini inanipotea. Sauti ni ile ile, Adhiambo. Kichwa kinazunguka vile vile. Hata mapenzi, naapa, yalikuwa yale yale, sikumchukia Hirji hata siku moja. Sasa mtu wa nje atatofautishaje? Yule mzungu wa masizi, pengine naye analala akijua anawapenda wauguzi, pengine kuna mmoja alimuuguza mama yake. Sitaki hilo liwe kweli, kwa sababu likiwa kweli mimi na yeye tumekaa benchi moja, na mimi ninamchukia yule mtu kwa moyo wangu wote. Nilitaka kuingia kwenye simu ya Brayo nimfute yale masizi kwa gunia.

Na choo cha soko kilijengwa. Hata hilo siwezi kulitupa. Akina mama wanakitumia mpaka leo.

Vijana wa tenti wameingia tena. Wanauliza spika zikae wapi, na yule mdogo ameuliza, "MC, Hirji atakuwako?" Nimemwambia aende akaulize mama wa chapati kama unga umefika.

Nina jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Nilipokuwa nafikiria ulivyosema hutaki kuagwa na Hirji, nilitaka kujitetea kwamba ni mchezo tu wa sherehe. Ndipo nikaanza kukumbuka ni lini nilikusemesha jambo zito kwa sauti yangu. Ulipoanguka ukavunjika mkono, Hirji ndiye aliyekubembeleza. Ulipopata matokeo ya mtihani, Hirji ndiye aliyekupongeza. Ulipolia kwamba huko mbali hutamjua mtu, nani alikujibu? Nilifikiri nakuchekesha. Ulikuwa unacheka kweli, mpaka ukaacha, na sikuona ulipoacha.

Na kuna ile asubuhi mimi na mama yako tuliporudi kutoka hospitali. Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki, natumaini hukumbuki. Ulikuwa mlangoni na dani, umemwekea mtoto kikoi chako kwenye kochi. Ukaniuliza, "Baba, mtoto yuko wapi?" Na mimi nikafungua mdomo, akatoka Hirji. Nikasema dukani watoto wameisha, tujaribu mwezi ujao. Ukacheka. Mama yako alinipita akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko hadi jua likawaka sana. Hajawahi kunitajia siku hiyo. Naye dani alikunja kile kikoi akakirudisha kwenye sanduku lako.

Sikuwa mtu mbaya asubuhi ile. Sikuwa na sauti nyingine, ndiyo maana. Ile yangu ingelia.

Kwa hiyo kesho Ouma atapiga kelele, namjua, na watu wa kanisa watampigia makofi, na nitapewa maiki. Nitawaambia Hirji hatakuja. Watafikiri ni mwanzo wa mzaha wangu, watacheka, na nitalazimika kusimama pale mpaka wamalize. Kirit akiwepo nitamuangalia. Sijui nitamwambia nini, labda nitamuuliza tu kama naweza kwenda kumuona mama yake. Baada ya hapo nitageuka kwako, na hapo sijui. Nimejaribu bafuni tangu asubuhi. Nasema "mwanangu" halafu hakuna kinachofuata. Ukiona nimekwama hivyo mbele ya shangazi zako wote, tafadhali usinisaidie kwa kucheka. Nisubiri.

Na huko ukiigwa, ukicheka au ukinyamaza au ukiwatukana, nipigie simu. Sitakuwa na jibu. Lakini nitapokea mimi mwenyewe.

Nimebakisha moja tu. Hili mama yako alishakwambia zamani, na umeona kaburi kule Awasi. Mimi sijawahi kukwambia. Ndugu yako tulimpa jina Okoth kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Aliishi mpaka asubuhi. Nilikuwa nimembeba mimi alipokata roho, na nililia mpaka muuguzi akanishika bega.

Ni mimi,
Baba